Barua ya Wazi kwa Viongozi Wetu: Mafuta ya Ndege ya Umeme, Uniti za Nani na Kuni za Nani?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria,
na wote mnaohusika na kutoa ardhi na vibali vya uwekezaji Kanda ya Ziwa.

YAH: KUTOGAWA ARDHI YA MWAMBAO KWA KIWANDA CHA MAFUTA YA NDEGE KABLA YA KUJULIKANA CHANZO CHA UMEME WAKE NA CHANZO CHA KABONI YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mstaafu niliyefanya kazi ya kujaza mafuta ndege katika Uwanja wa Ndege wa Mwanza kwa miaka ishirini na sita. Kila alfajiri, kabla ya ndege ya kwanza kutua, jukumu langu lilikuwa kufungua koki ya chini ya bauza, yaani gari la tangi la mafuta, kukinga mafuta kwenye chupa ya kioo, kuyazungusha mpaka yafanye kimbunga kidogo katikati, kisha kuyainua kwenye mwanga na kuyatazama: yawe maangavu, yasiwe na ukungu wala chembe, na kitakoni pasiwe na tone la maji. Macho yakisharidhika, niliyavuta kwa bomba la sindano kupitia kidonge cha njano, na kidonge kikigeuka kijani, ishara kwamba yamo maji, bauza halisogei, hata kama abiria wamekwisha kufunga mikanda. Naeleza haya ili mjue kwamba ninapoandika habari za maji na mafuta siandiki kama mtu aliyeisikia mada hii redioni asubuhi ya leo. Maisha yangu yote kazini nilikuwa nikiyatenga maji na mafuta, na leo nimestaafu naambiwa kwamba mafuta yatatengenezwa kwa maji.

Kiangazi kilichopita nilikuwa kijijini kwetu, upande wa Magu, walipofika wageni watatu na gari la kukodi. Mwenyekiti aliitisha kikao chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Wageni walieleza kwamba kampuni yao inatafuta ekari mia kadhaa karibu na ziwa kwa ajili ya kiwanda kitakachotumia jua, maji na mabaki ya pamba kutengeneza mafuta ya ndege yasiyochafua hewa. Walikuwa watu wa heshima, waliamkia wazee vizuri, na picha zao zilikuwa nzuri. Walipofika kwenye mabaki ya pamba, mmoja wao alisema kwamba hayo yatachukuliwa bila gharama yoyote kwa mkulima, kwa kuwa kwa sasa hayana kazi. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kanga yake pembeni akainua mkono, akasema: "Mwanangu, shikamoo yako nimeitikia. Hayo mabaki unayosema hayana kazi ndiyo kuni zangu. Ukiyabeba, nipikie nini?" Watu walicheka, mgeni naye akacheka, akaahidi kwamba jambo hilo litazingatiwa kwenye upembuzi yakinifu. Swali liliishia hapo.

Nimeandika barua hii kwa sababu ya swali hilo. Siandiki kupinga kiwanda. Ombi langu ni moja, nalo ni kwamba msigawe hata ekari moja ya mwambao kwa kazi hii kabla hamjaweka hadharani, kwa maandishi, umeme wa kiwanda utatoka kwenye mtambo gani na kaboni yake itatoka wapi. Wageni wote watakaokuja watawazungumzia jua na ziwa, kwa kuwa hivyo vinaonekana kwa macho. Mambo mawili niliyoyataja hayaonekani, na humo ndimo gharama ilimojificha.

Jambo lenyewe si uganga. Mafuta ya ndege ni haidrojeni na kaboni zilizoungana. Haidrojeni hupatikana kwa kupitisha umeme ndani ya maji mpaka yaachane na oksijeni yake. Kaboni hutolewa kwenye hewa ukaa, ambayo hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake ikawa monoksidi ya kaboni. Gesi hizo mbili zikipitishwa kwenye kichocheo cha chuma au kobalti, katika joto la nyuzi mia mbili na zaidi, huungana na kufanya minyororo, mingine mirefu kiasi cha kuwa nta, ambayo baadaye hukatwa tena mpaka ipatikane ile yenye urefu wa mafuta ya taa. Maana mafuta ya ndege ni ndugu wa karibu sana wa mafuta ya taa tuliyoyawasha kwenye vibatari. Pembeni hupatikana pia dizeli na mafuta mepesi, kwa hiyo si kila tone litokalo kiwandani huingia kwenye bawa la ndege. Njia hii ilibuniwa na Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch mwaka 1925 mjini Mülheim, wakianzia kwenye makaa ya mawe. Afrika Kusini wameitumia kwa makaa ya mawe tangu mwaka 1955 huko Sasolburg, kisha Secunda, na ndege zinazojaza Johannesburg zimeruka na sehemu ya mafuta hayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba haiwezekani. Kipya ni kuyaweka kando makaa ya mawe na kuweka mahali pake umeme wa jua, upepo au maji, pamoja na kaboni iliyokwisha kuwa hewani.

Ndege yenyewe haitajua tofauti, na hewa ukaa itakayotoka kwenye injini itakuwa ileile. Faida ni kwamba kaboni hiyo ilichukuliwa hewani kwanza kabla ya kurudishwa, badala ya kuchimbuliwa ardhini ilikokuwa imelala. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mafuta ya njia hii kuchanganywa na mafuta ya kawaida hadi nusu kwa nusu. Sababu mojawapo ya mpaka huo ataielewa fundi yeyote wa uwanjani: mafuta ya Fischer na Tropsch yametakata mno, hayana kundi la kemikali ziitwazo aromatiki, na bila hizo sili za mpira zilizozoea kuvimba kidogo ndani ya mafuta ya kawaida husinyaa na kuanza kuvuja.

Kuhusu ukubwa wa kazi, naomba tusidanganyane. Mwaka 2021 ndege ya KLM iliruka kutoka Amsterdam kwenda Madrid ikiwa na lita 500 za mafuta ya aina hii zilizochanganywa na ya kawaida, na dunia nzima ilitangaziwa. Lita 500 ni mapipa mawili na nusu. Mwaka 2025 kilizinduliwa kiwanda Frankfurt, Ujerumani, chenye uwezo wa kufikia tani 2,500 kwa mwaka, na hicho kinahesabiwa miongoni mwa vikubwa. Wageni wetu chini ya mwembe walitaja tani 30,000. Nami nitatumia tarakimu yao katika hesabu zifuatazo, ambazo mhandisi yeyote wa TANESCO anaweza kuzihakiki kwa kalamu na karatasi.

Nianze na maji, kwa kuwa hayo ndiyo watu wanayoyaogopa na ndiyo yasiyo tatizo. Tani moja ya mafuta inahitaji takriban kilo 430 za haidrojeni, na kila kilo ya haidrojeni hutokana na kilo tisa za maji. Kwa tani 30,000, hata ukizidisha mara mbili kwa ajili ya maji yanayopotea katika kusafishwa, unapata kama lita 640,000 kwa siku, bila kuhesabu maji ya kupoozea, ambayo kazi yake inaweza kufanywa kwa feni na hewa. Chanzo cha maji cha Butimba peke yake kilijengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Kiwanda kingekunywa chini ya sehemu mbili kwa mia za chanzo hicho, na sehemu ya maji hurudi kutoka kwenye mtambo wenyewe. Ziwa halitakauka. Ninachoomba Bodi ya Maji ya Bonde iangalie ni maji yanayotoka, wala si yanayoingia, kwa kuwa maji ya mtambo wa Fischer na Tropsch hutoka na asidi na alkoholi ndani yake, na yakiachwa yateremke ziwani bila kusafishwa yatafanya kwa mazalia ya samaki wetu yale ambayo Mto Mirongo, unaoteremsha uchafu wa jiji ziwani, umetufundisha tayari. Na ikiwa mtu ataomba kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, sheria ya mazingira ya 2004 imekwisha kumjibu, na ziwa lenyewe lilimjibu mwaka 2020 na tena 2024 lilipopanda na kumeza nyumba na mialo.

Sasa umeme. Hapa naomba mnivumilie.

Ukijumlisha umeme wa kuchanganua maji, wa kukusanya hewa ukaa na wa kuendesha mitambo, tani moja ya mafuta inakula uniti kama 27,000. Lita moja, basi, inakula uniti zaidi ya 20. Ndani ya lita hiyo nishati iliyobaki ni chini ya uniti kumi. Nyingine yote imepotea njiani kama joto. Mwananchi wa kipato cha chini aliye kwenye tarifu ya D1 haruhusiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Umeme wake wa mwezi mzima, wa taa, redio, simu na pasi ya Jumapili, ungetengeneza lita tatu na nusu za mafuta ya ndege. Ndege ya pangaboi inayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hutumia mafuta yanayokaribia tani moja na nusu. Kwa hiyo safari moja, ya kwenda tu, ni umeme wa mwezi mmoja wa zaidi ya kaya mia tano za D1. Sisemi ndege zisiruke. Nimekula ugali wa ndege miaka ishirini na sita. Nasema ukubwa wa jambo uonekane kwenye mizani ambayo kila mwenye LUKU anaielewa.

Tani 30,000 kwa mwaka zinahitaji uniti milioni 810, ambazo ni sawa na megawati 92 zinazotiririka usiku na mchana bila kukatika. Mtambo wote wa Rusumo, tunaogawana na Rwanda na Burundi, ni megawati 80. Mkitaka kuupata umeme huo kwa jua peke yake, na jua letu likiwaka kwa nguvu kamili kama sehemu moja ya tano tu ya saa za mwaka, mtahitaji paneli za megawati 460 hivi. Mradi wa jua wa Kishapu, jirani zetu hapo Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150 utakapokamilika awamu zake zote. Kiwanda kimoja kingehitaji Kishapu tatu, pamoja na namna ya kuhifadhi haidrojeni au umeme kwa ajili ya usiku. Maana mtambo wa Fischer na Tropsch si jenereta ya saluni ya kuwasha mteja akiingia na kuzima akitoka. Unataka kulishwa wakati wote, kwa kipimo kilekile.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu nimekwisha kulisikia: kwamba tunalo Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, la megawati 2,115, na umeme umezidi. Ni kweli kwamba Machi 2024, mvua zilipojaza mabwawa, mitambo mitano ya maji ilizimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Ni kweli vilevile kwamba mwaka uliofuata Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, kwa sababu ule wa Rufiji unapotea mwingi njiani. Kauli hizo mbili hazipingani. Zinaeleza nchi ambayo umeme wake uko upande mmoja na waya wake haujatosha upande mwingine, nasi wa Mwanza tuko mbali na bwawa kuliko wengi. Kiwanda cha megawati 92 kikiunganishwa kwenye gridi ya Kanda ya Ziwa bila kuja na mtambo wake mpya na njia yake mpya ya kusafirisha umeme, kitakaa kwenye foleni moja na mashine za kukoboa za Igoma, viwanda vya samaki, na pampu za maji za Butimba zenyewe. Na siku umeme ukipungua, mwenye mkataba wa dola ndiye atakayesikilizwa kwanza. Hilo halihitaji upembuzi yakinifu. Sote tumeishi hapa.

Msione aibu kudai umeme mpya, kana kwamba mnamfukuza mwekezaji. Soko analolilenga linadai hivyohivyo. Umoja wa Ulaya umewalazimisha wauzaji wa mafuta katika viwanja vyake kuchanganya mafuta endelevu kuanzia asilimia 2 mwaka 2025, yafike asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050, na ndani ya hiyo asilimia 70, nusu, yaani asilimia 35, iwe ya haya ya umeme. Lakini kanuni zao za kuyatambua mafuta ya umeme zinataka, kwa kawaida, umeme utoke kwenye mitambo mipya iliyojengwa karibu na wakati wa kiwanda chenyewe, na kuanzia 2030 matumizi yalingane na uzalishaji saa kwa saa. Mtu anayetaka kuchomeka waya kwenye gridi yetu na kuita hiyo nishati safi atakuwa na kesi ya kujibu kwa mnunuzi wake. Tusiwe na masharti mepesi kuliko ya yule anayenunua.

Soko hilo lina jambo jingine ambalo halikutajwa chini ya mwembe. Lazima ya Ulaya inahesabu mafuta yanayofikishwa kwenye viwanja vya Ulaya. Mafuta haya bado yanagharimu mara kadhaa ya bei ya mafuta ya kawaida, kwa hiyo kwa muda mrefu hayatauzwa mahali pasipo na lazima. Maana yake ni kwamba lita za kwanza zitakazotoka Magu zitapakiwa na kuteremshwa bandarini, na njiani zitapishana na mabauza yanayopanda kilomita zaidi ya 1,100 kutoka Dar es Salaam kuleta mafuta ya kawaida kwa ajili ya ndege za Mwanza. Mimi ningetamani kuona angalau sehemu ndogo ikiingia kwenye matangi ya hapa, hata iwe moja kwa mia, si kwa fahari, bali ili vijana wanaofanya kazi niliyoiacha wajifunze kuyapokea, kuyapima na kuyachanganya. Ujuzi huo haununuliwi baadaye kwa mkupuo.

Nimeiacha kaboni mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Tani moja ya mafuta inahitaji zaidi ya tani tatu za hewa ukaa. Kwa tani 30,000 ni tani 93,000 kwa uchache kila mwaka. Mtu anaweza kusema hewa imetuzunguka, aichuje. Inachujika, ila huko Iceland mtambo uitwao Orca, uliozinduliwa 2021, ulijengwa kukusanya tani 4,000 kwa mwaka, na kaka yake aitwaye Mammoth, aliyeanza 2024, amepangiwa tani 36,000. Tungehitaji karibu Mammoth tatu, na zote zinakula umeme. Rungwe, mkoani Mbeya, hewa ukaa huchimbwa kutoka ardhini na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji, lakini kuichimbua ardhini na kuiachia hewani ni kuongeza, si kuzungusha. Viwanda vya bia vya hapa mjini huzalisha hewa ukaa safi sana katika uchachushaji, ila nyingi wanaihitaji wenyewe. Wapo watakaotaja magugu maji. Aliyewahi kuyavuta magugu maji ufukweni anajua kwamba amevuta maji.

Ndiyo maana wageni wanaikodolea macho miti ya pamba. Kwa karatasi ni hesabu tamu. Wakulima wa pamba hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu, na mtaalamu anayeona moshi kutoka barabarani anasema: kaboni hiyo inapotea bure. Tani moja ya miti mikavu ina kaboni ya kutoa kama tani 1.65 za hewa ukaa, kwa hiyo kiwanda kingehitaji tani zinazokaribia 57,000 za miti mikavu kila mwaka, hata kama hakitapoteza kitu. Mkokoteni wa ng'ombe ukibeba nusu tani, hiyo ni mikokoteni zaidi ya laki moja na elfu kumi.

Lakini ingieni kwenye boma lolote la Usukumani mwezi wa Agosti mtazame nyuma ya jiko. Mtaona miti ya pamba imepangwa, mizizi upande mmoja, urefu wa kifua cha mtu mzima, imefunikwa na turubai kuukuu. Sehemu kubwa ya vilima vyetu haina miti, na akina mama wamekuwa wakipika kwa masalia hayo tangu mimi ni mtoto, sheria ya kuchoma ipo au haipo. Kinachochomwa shambani ni kile kilichobaki baada ya jiko kushiba. Hakuna aliyewahi kukipima kilichobaki. Mwekezaji anahesabu mashina yote yaliyopandwa, bibi yule anahesabu yaliyo nyuma ya jiko lake, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili, wilaya kwa wilaya, ndiyo kaboni pekee ambayo mtu ana haki ya kuijadili. Na hiyo nayo ina mwenyewe, naye ni mkulima; haiwezi kuitwa ya bure na mtu aliyekuja kuinunua. Serikali inapohimiza nishati safi ya kupikia, mtungi wa gesi ukifika kweli kwenye jiko lile na ukajazwa mara ya pili na ya tatu, masalia yataongezeka na mazungumzo yatabadilika. Mpangilio uwe huo, gesi itangulie na mkokoteni ufuate.

Kwa maoni yangu, mkitafuta kaboni ya kweli katika kanda hii, tazameni ng'ambo ya ziwa. Kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi, mkoani Kagera, huchoma makapi ya miwa kwenye boila zake, mahali pamoja, kupitia bomba la moshi linalojulikana, na makapi hayo si kuni za mtu. Hewa ukaa ya bomba hilo imechanganyika na gesi nyingine na lazima itengwe, kazi ambayo ni rahisi mara nyingi kuliko kuichuja kutoka angani. Pumba za mpunga zilizorundikana kwenye mashine za kukoboa nazo zina nafasi yake, ingawa wachoma matofali wamekwisha kuzizoea. Ikiwa vipimo vitaonyesha hivyo, basi mahali pa kiwanda ni Missenyi na si Magu, na mimi mtu wa Magu nitakuwa wa kwanza kuukubali ukweli huo, kwa kuwa kusafirisha mafuta yaliyokamilika ni rahisi kuliko kusafirisha moshi.

Waheshimiwa, mnakumbuka mibono. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili, vijiji vya Kisarawe na Kilwa viliombwa maelfu ya hekta kwa ajili ya mafuta ya mimea, zikahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, iliyo mikononi mwa Serikali, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, na baada ya miaka michache wawekezaji waliishiwa fedha wakaondoka. Mibono iliisha, ila ardhi haikurudi kijijini yenyewe. Kiwanda cha mafuta ya umeme hakihitaji maelfu ya hekta za mazao, na hilo ni jambo jema. Paneli ndizo zitakazokula ardhi, na zinaweza kukaa kwenye nyika kame za Shinyanga badala ya kwenye majaruba ya mpunga ya mwambaoni. Yaandikwe hayo mapema. Na pale ambapo ardhi ya kijiji italazimika kutumika, ikodishwe na ibaki kuwa ya kijiji, mkataba ukifa irudi siku hiyohiyo.

Basi naomba Wizara ya Nishati itamke kwamba hakuna kiwanda cha aina hii kitakachounganishwa kwenye gridi bila uzalishaji mpya unaolingana nacho, na njia ya kuusafirisha. Naomba Mkoa, kwa kushirikiana na maafisa kilimo wa kata, upime masalia ya pamba na pumba baada ya mavuno yajayo, ukianzia jikoni na kuishia shambani, na vipimo hivyo vibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji kabla mwekezaji yeyote hajaonyeshwa. Wizara ya Uchukuzi nayo iseme ni sehemu gani ya mafuta itabaki katika matangi ya viwanja vyetu, na nani atawafundisha vijana kuyapima. Kazi hizi zinaweza kufanywa na watumishi mlionao, bila mshauri wa kutoka nje.

Mkutano wa kijiji chetu utakaa tena baada ya msimu. Mtendaji aliliandika swali la yule bibi kwenye muhtasari wa kikao, ukurasa wa mbele, na chini yake ameacha mistari mitatu mitupu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjazaji mafuta ya ndege mstaafu,
Ilemela, Mwanza.